Benchi la Fainali

Tawi la mashabiki lilikuwa na mabenchi mawili. La nyuma lilikuwa la yeyote anayetaka kukaa. La mbele, lenye mto wa sponji uliovishwa kitambaa cha kijani, lilikuwa la wale tu walioiona Fainali. Si fainali yoyote. Fainali. Ile ya miaka thelathini na nne iliyopita, siku ya mvua, Timu ilipowafunga mahasimu wake tatu kwa mbili na kubeba kombe lake la kwanza na la mwisho mpaka leo. Ukiwaona wachezaji wa sasa, utakubali kwamba hata kikombe cha chai wangekidondosha.

Siku hizi Timu ilikuwa daraja la tatu, ikichezea uwanja wa shule ya bweni, na kipindi cha pili hakikuanza mpaka wanafunzi waanue mashuka yao kwenye mwamba wa goli. Lakini pale tawini hakuna aliyetaka habari za siku hizi. Ukimuuliza mtu wa benchi la mbele matokeo ya juzi, alikutazama kana kwamba umemuuliza umri wa mkewe.

Kulikalia benchi hilo kulikuwa na utaratibu. Unasimama mbele ya waliokwisha kukaa, unasimulia goli la tatu tangu mwanzo hadi wavuni. Wakiridhika, wanasogea, unakaa. Wakinuna, unarudi nyuma ulikotoka. Goli lenyewe lilijulikana: krosi ya kushoto, Namba Tisa akapaa juu ya mabeki wawili, kichwa, kona ya juu. Mwaka fulani alikuja msukuma mkokoteni akasema kwamba yeye alivyoona, mpira ulimgonga mtu gotini ukaingia ukijiburura. Walimcheka mpaka machozi yakawatoka. Wakamwita mzushi, na bwana yule akaacha mpira kabisa, akaenda kushabikia ngumi.

Aliyelikalia benchi kwa raha kuliko wote alikuwa fundi viatu mmoja mwembamba, mwenye masharubu anayoyapunguza kwa mkasi uleule wa kukatia ngozi. Walimwita Shahidi. Wengine walisimulia goli. Shahidi alikuchukua akakupeleka uwanjani. Angeshika kiatu chako akakuonyesha kwa soli jinsi beki alivyoteleza, na kwa kisigino jinsi kipa alivyobaki ameduwaa. Kuna mteja aliyesubiri kiatu chake tangu saa nne hadi saa saba, mguu mmoja ndani ya malapa ya kuazima, na bado aliondoka akishukuru.

Sasa nikupe siri ambayo tawi zima halikuijua: Shahidi hakuiona Fainali. Tiketi alikuwa nayo, tumtendee haki. Lakini alifika geti limeshafungwa, watu wamejaa hadi juu ya kuta, askari hataki kusikia la mtu. Mechi yote aliisikiliza nje, chini ya kibanda cha mlinzi wa baiskeli, kwenye redio ya mlinzi. Jambo hilo lilijulikana kwake yeye na kwa Mola wake, basi. Au hivyo ndivyo alivyodhani.

&nbsp;

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye tabia ya kuongea pini zikiwa mdomoni bila hata moja kudondoka. Alikuwa na cherehani mbili, binti wa kumsaidia vifungo siku za kazi nyingi, na fremu moja ya duka, ya kupanga, pembezoni mwa barabara. Fremu hiyo ndiyo iliyowalisha. Kazi ya viatu ilikuwa imelegea tangu watu waanze kununua viatu vya plastiki vya kuvaa na kutupa, na Shahidi mwenyewe, akitaka kusema kweli, alikuwa analipwa zaidi kwa chai ya kuletewa kuliko kwa fedha.

Jumatatu moja mwenye nyumba aliingia fremuni. Mama huyo alikuwa anampima mteja kiuno. Mwenye nyumba alisalimia vizuri, akaomba kuazima futi ya kamba, akapewa. Basi akaenda nayo ukutani, akapima toka kona hadi kona, akaandika kwenye kiganja. Alipoirudisha ndipo akaeleza: ukuta ule utavunjwa, panajengwa ghorofa, mwisho wa mwezi watu wote wawe wametoka. Mama alibaki ameishika futi yake iliyopimia kuondolewa kwake. Mteja aliyekuwa amenyanyua mikono juu hakujua kama aishushe au la.

Wiki nzima alitafuta fremu nyingine. Dalali wa kwanza alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wa pili alitaka ya mwaka. Wa tatu, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, alimuuliza mume wake anafanya kazi gani. Mama akajibu, fundi viatu. Kijana akasema "ah," akafunga daftari, akaanza kuongea na simu ambayo haikuwa imelia.

Na mezani kwake kulikuwa na oda ya sare tisini za shule, vitambaa vimeshakatwa. Asipopata mahali, sare angezishonea chumbani, katikati ya kitanda na kabati, na baada ya hizo hakuna mteja ambaye angemfuata huko uchochoroni. Miaka ishirini ya kujenga wateja ingeyeyuka ndani ya msimu mmoja. Alilia kidogo akiwa peke yake, akaosha uso, akaendelea kushona.

&nbsp;

Ndipo Shahidi alipoingia nyumbani Ijumaa mchana akiwa amevaa uso wa mtu aliyeokota lulu. Klabu ilikuwa imepata mfadhili, muuza saruji mmoja mwenye pesa na hamu ya kuitwa mheshimiwa. Kwa ajili ya kumbukumbu za Timu, chumba cha mbele cha jengo la klabu, kikubwa, chenye madirisha mawili na umeme wake, kingepewa msimamizi. Kombe lingekaa kwenye kabati la kioo upande mmoja. Upande wa pili msimamizi angefanya biashara yake, bila kodi, miaka mitano. Kazi yake ingekuwa kulifuta kombe vumbi na kuwasimulia wageni. Sharti lilikuwa moja tu: awe mtu aliyeiona Fainali kwa macho yake. Wangehojiwa hadharani kesho yake, Jumamosi.

"Cherehani zote mbili zinaingia," Shahidi alisema, "na meza ya kukatia, na mimi kijikona changu mlangoni. Hicho chumba ni chetu. Nani wa kunishinda mimi?"

Binti yao, aliyekuwa anauza duka la dawa na kuja kula kwao kila Ijumaa, alipiga makofi. Mama hakupiga. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa ndani.

Ndiyo, ndani ya uwanja. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akiuza mayai ya kuchemsha, sinia kichwani, chumvi kwenye vikaratasi vya kusokota. Geti lilifungwa yeye yupo nyuma ya goli, kwenye uzio, tope limemfika vifundoni. Na lile goli la tatu liliingia hatua sita kutoka alipokuwa amesimama. Namba Tisa alipaa kweli, akaukosa mpira kabisa. Mpira ulishuka ukamgonga Namba Sita goti, Namba Sita aliyekuwa ameshaanguka kwa makalio yake mwenyewe, ukageuka, ukaenda taratibu ukitafuta njia katikati ya madimbwi, ukavuka mstari. Goli halikuwa na sura wala umbo. Mtangazaji wa redio, dirisha lake limejaa mvua, aliona wachezaji wanarukiana juu ya Namba Tisa, akatangaza kichwa. Magazeti yakanakili redio. Na waliokuwa nje wakanakili vyote viwili.

Mwaka uliofuata, msichana ameshaacha mayai na kuanza cherehani, kijana mmoja mwembamba alimletea suruali kutiwa kiraka. Akiisubiri, akamsimulia Fainali. Alipofika kwenye kichwa cha Namba Tisa, msichana alifungua mdomo amsahihishe, kisha akamwangalia. Yule kijana alikuwa anang'aa. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, bila suruali, kajifunga kanga ya kuazima, anaonyesha jinsi mtu anavyopaa. Msichana akaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba huyu mtu hakuwepo, na kwamba atamkubali akimposa. Akafunga mdomo. Baadaye ikaja harusi, wakaja watoto, na ukishanyamaza miaka kumi hujui tena unaanzia wapi kusema.

Kilichomshtua sasa ni jambo alilolitaja Shahidi mwishoni kabisa, akichovya mkate kwenye mchuzi: miongoni mwa wahojaji watatu atakuwepo Namba Sita mwenyewe.

Mama alirudi mezani. Akajitia kuuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, hivi katika matope yale mtu angeweza kweli kupaa? Shahidi akasema Namba Tisa hakuwa mtu wa kawaida. Mama akasema basi labda yule mwenzake, Sita, naye aliugusa kidogo, kwa goti, kwa mfano.

Kijiko kikawekwa chini.

"Mama watoto, unataka kunifundisha mimi Fainali?"

"Nauliza tu, baba watoto. Kuna watu husema lilikuwa goti."

"Watu gani? Yule wa mkokoteni?"

Aliinuka akatoka, na nyama akaiacha kwenye sahani, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya nyumba ile. Binti aliisogeza sahani upande wake, akasema bora mama angemtukana babu mzaa baba kuliko kumgusa Namba Tisa.

Maneno yalikuwa mdomoni kwa mama: mimi niliona. Angemwita mlangoni akamwambia, mambo yakaisha. Lakini yakitoka yasingetoka peke yake. Yangemwambia mumewe kwamba kila alipoisimulia Fainali, harusini, msibani, mbele ya wakwe, mkewe alikuwa amekaa pale pembeni akijua kila kitu. Alipima kipi kitamuumiza zaidi, kumkosesha chumba au kumvua nguo. Akaenda kulipiga pasi shati lake la Jumamosi.

&nbsp;

Ukumbi wa klabu ulijaa kuanzia saa tatu asubuhi. Mbele waliketi wahojaji: mwenyekiti wa klabu, muuza saruji, na Namba Sita. Huyu wa mwisho alikuwa mzee mnene mwenye upara na fimbo, ambaye baada ya mpira aliendesha malori mpaka mgongo ukakataa. Mwenyekiti alipomtambulisha alizungumza dakika tano juu ya marehemu Namba Tisa, barabara iliyopewa jina lake, sanamu itakayochongwa pesa zikipatikana. Kisha akasema mzee wetu huyu "alikuwepo pia." Namba Sita alimeza mate. Ilionekana si mara ya kwanza kuyameza.

Waliotaka chumba walikuwa watatu, wote wa benchi la mbele. Mwenyekiti alisema mzee atawauliza swali moja tu, na mzee akaliuliza akiwa anatazama fimbo yake: "Goli la tatu liliingiaje?"

Kinyozi alitangulia. Alikuwa na saluni ya kiti kimoja sokoni, na alitaka chumba ili aweke viti vitatu. Akaleta krosi ya kushoto, akampaisha Namba Tisa, akapiga kichwa chake mwenyewe hewani hadi kofia ikamtoka. Ukumbi ukashangilia. Namba Sita akamshukuru na kuchora mstari kwenye karatasi yake.

Akafuata Karani, mstaafu wa posta, mtu wa tai hata kwenye joto. Karani hakupenda kupitwa. Alisema alikuwa jukwaa kuu, safu ya tatu, na kwamba maji yaliyoruka kutoka kwenye nywele za Namba Tisa alipopiga kile kichwa yalimfikia yeye shavuni. Akaligusa shavu. Namba Sita akachora mstari wa pili, mrefu zaidi, karatasi ikachanika kidogo.

Mama alikuwa ameketi nyuma ya mumewe. Aliiona ile karatasi. Akaona pia uso wa yule mzee, uso wa mtu anayeendelea kuibiwa mchana kweupe na kutakiwa apige makofi. Akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio la Shahidi.

"Lilikuwa goti," alinong'ona. "La huyo mzee. Ukisema kichwa, chumba kimekwenda."

"Tumeshayamaliza hayo jana."

"Hatujayamaliza. Niliona."

"Uliona wapi?"

"Nyuma ya goli. Nilikuwa nauza mayai."

Shahidi hakugeuka. Mama aliiona shingo yake tu, jinsi mishipa ilivyokaza na kisha ikalegea. Karani alikuwa anarudi kwenye kiti chake huku anapeana mikono na watu.

"Tangu siku ya suruali?" aliuliza hatimaye.

"Tangu siku ya suruali."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

Wakaita jina lake.

Alisimama mbele na shati lake lililopigwa pasi, na watu wakaanza kujiweka sawa vitini, maana hili ndilo walilolijia. Swali likaulizwa. Shahidi alikohoa. Akasema mvua ilikuwa kubwa, tope limefika vifundoni, na goli la tatu lilikuwa goti.

Ukumbi ukaguna. Kinyozi alicheka kwa nguvu, akidhani ni mzaha. Lakini Namba Sita aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Goti la nani?"

"Lako, mzee. Ulikuwa umeshaanguka. Mpira ukakugonga, ukaenda polepole."

Mzee aliisukuma pembeni ile karatasi. Muuza saruji aliegemea mbele. Mwenyekiti, ambaye hakuelewa kitu ila alijua kusoma upepo, alianza kutabasamu kuelekea kwa Shahidi. Chumba kilikuwa kimeshaingia mfukoni. Kilichobaki ni ufunguo.

"Nimekaa miaka thelathini na nne," Namba Sita alisema, "nikingoja mtu aseme hivyo. Basi nisaidie na hili moja. Goli lilipoingia wote walimrukia mwenzangu. Mimi nilibaki nyuma pale, nikamuuliza mtu mmoja swali kwenye uzio. Niliuliza nini?"

Hili Shahidi hakunong'onezwa. Na uongo ukamjia, maana haujawahi kumtupa: angesema mzee aliuliza dakika zimebaki ngapi, au aliomba maji, angelipamba hadi mwenyewe Namba Sita akaamini ndivyo alivyouliza. Alikuwa na kipaji hicho. Lakini alimtazama yule mzee, namna alivyomkodolea macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona aibu kabla ya kusema badala ya baada.

"Silijui hilo, mzee," alisema. "Mimi nilikuwa nje."

Shahidi akaendelea, sasa haraka, kama mtu anayetapika. Tiketi alikuwa nayo. Geti lilifungwa mbele ya pua yake. Aliisikia mechi kwenye redio ya mlinzi wa baiskeli, chini ya kibanda cha mabati kilichovuja, na kelele za goli la tatu zilipanda juu ya ukuta kabla mtangazaji hajasema neno, akajua wamefunga, akamkumbatia mtu asiyemjua. Na hata hilo kidogo walikose, maana dakika tano kabla betri zilikuwa zimekwisha nguvu, sauti inafifia, na mlinzi akazitoa, aka...

"Akaziuma," Kinyozi akasema.

Alisema bila kujijua, kama mtu anayeitika jina lake. Alipogundua, alijifunika uso kwa kofia. Umechelewa, bwana. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka.

"Wewe umejuaje kama aliziuma?" Shahidi aliuliza.

Kinyozi akasema, kutoka ndani ya kofia, kwamba aliziuma moja moja kwa meno ya upande, akazirudisha, na redio ikaamka.

"Kulikuwa na mtu amevaa mfuko wa saruji kichwani," Shahidi alisema polepole. "Ndiye niliyemkumbatia."

Karani, mstaafu wa posta, jukwaa kuu, safu ya tatu, alianza kulegeza tai yake. Aliilegeza, akaivua kabisa, akaikunja vizuri na kuiweka mfukoni. "Mvua ilikuwa kubwa," alisema. "Na nilikuwa na suti."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Watu walicheka wakishikana mabega, wengine wakatoka nje kwenda kupumua. Miaka thelathini na nne wanaume watatu walikuwa wamekaa benchi moja wakidanganyana juu ya siku ambayo walikuwa wamesimama pamoja, chini ya bati moja, mmoja kamkumbatia mwenzake, na hakuna aliyemtambua mwingine kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi ya kutotambulika. Muuza saruji alicheka mpaka akaombewa maji. Kuna watu wa benchi la mbele ambao hawakucheka. Walikuwa wanatazama viatu vyao.

Namba Sita naye hakucheka. Aligonga fimbo sakafuni.

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja?" aliuliza. "Nilicheza mbele ya nani?"

"Yupo," Shahidi alisema. Akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu. "Yule pale. Mke wangu. Muulize yeye."

Mama alitamani sakafu immeze. Alisimama, akarekebisha mtandio, akasema hakuja kuhojiwa, alikuja kusindikiza. Mzee akamrudia swali lilelile, taratibu, kwa heshima: dada, pale kwenye uzio niliuliza nini?

"Uliniuliza kama nimekiona kiatu chako."

Mzee hakutikisika. "Ukanijibu nini?"

"Nikakwambia, kaka, si hicho ulichokishika mkononi."

Namba Sita alikiweka kipaji cha uso juu ya fimbo, mabega yakaanza kumtikisika, na watu wa mbele walisema baadaye kwamba hawakujua kama analia au anacheka. Alipoinuka alikuwa anafanya vyote viwili. Alisema jambo hilo hajamsimulia mtu, hata mkewe, kwa aibu. Akauliza kama bado anauza mayai. Mama akajibu siku hizi anashona.

Mwenyekiti alijaribu kuokoa jahazi. Alisema, kwa heshima zote, sharti lilikusudia wazee wa benchi, na mama huyu si mwanachama, na hajawahi hata kukaa benchi la nyuma. Namba Sita akamwambia soma sharti. Mwenyekiti akalisoma kwa sauti: aliyeiona Fainali kwa macho yake. Akalisoma tena kimoyomoyo, akitafuta neno la kumsaidia, halikuwepo. Muuza saruji alikuwa ameshachoka na mambo ya benchi. Aliuliza fundi cherehani hufungua saa ngapi. Mama akasema saa mbili, kila siku, mpaka jua lizame. Muuza saruji akasema basi kombe litapata mwangalizi, akautoa ufunguo mfukoni na kumpa.

&nbsp;

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa la saa saba, na kila kona kulikuwa na mtu aliyeshapata habari, maana habari ya namna hii haisubiri nauli. Muuza vocha alimwita Shahidi kwa kumuuliza betri bei gani. Wanawake wawili dirishani walimpongeza mama, kisha wakamtazama mumewe na kuingia ndani haraka ili wakacheke. Shahidi alitembea hatua mbili mbele, mikono nyuma, masharubu yameanguka.

Mama alikuwa ameushika ufunguo ndani ya kiganja hadi ukamwachia alama. Furaha alikuwa nayo, tele, cherehani zake zilikuwa zimepata pa kukaa. Lakini alimtazama mgongoni mumewe na kuumia. Alifikiria kumwomba radhi, akakosa aombe radhi ya nini hasa, ya kusema au ya kunyamaza.

Walipovuka daraja la mtaro, Shahidi alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Dakika zote tisini."

"Zote."

Akatembea hatua kama kumi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia ikitoka kwake kwenye mambo ya mpira, sauti ya mtu anayeomba.

"Basi nisimulie. Anzia mwanzo. Timu zinaingia uwanjani."

Mama alisita. Angeweza kumtungia, mwalimu mzuri alikuwa naye ndani ya nyumba miaka yote hii. Lakini siku ilikuwa imeshakuwa ya kusema kweli, akaona aimalizie hivyohivyo.

"Sikuziona zikiingia," alisema. "Nilikuwa nauza mayai, baba watoto. Muuza mayai hutazama watu, hatazami mpira. Wanaume wakishangilia ndipo huwa wanasahau kudai chenji. Mechi nzima niliupa uwanja mgongo. Niligeuka mara moja tu."

Shahidi alisimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akamkwepa na kumrushia neno.

"Mara moja?"

"Goli la tatu tu."

"Na yale mawili ya kwanza?"

"Wala siyajui."

Alimkodolea macho mkewe, shahidi pekee wa Fainali, na kitu kikaanza kumcheza kwenye kona ya mdomo, chini ya masharubu. Akaangalia huku na huku, akaona ukuta mfupi wa nyumba isiyokwisha, akaupangusa vumbi kwa leso yake na kumwonyesha mama akae. Yeye akabaki amesimama. Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi.

"Mvua ilikuwa haijawa kubwa bado," Shahidi alisema. "Mimi nikiwa nje ya geti."